Kupungua mwili, kisha mgongo ukaendelea kuuma

Dada yangu wa Uyole, umeuliza kwa nini mgongo bado unakuuma ingawa umepunguza kilo 40 kwa mwaka mmoja na nusu, tena kwa jasho lako mwenyewe. Pole sana. Mwili unapopungua hupoteza mafuta pamoja na sehemu ya misuli, na misuli ya tumbo na kiuno ndiyo inayoushikilia uti wa mgongo. Aidha, diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, zilizochakaa wakati wa uzito mkubwa hazirudi kuwa mpya kwa sababu mizani imeshuka. Kwa hiyo usijilaumu. Ongeza protini, na kwetu Mbeya maharage, dagaa na maziwa havikosekani sokoni, kisha mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe mazoezi ya kuimarisha kiuno, uyafanye kidogo kidogo kila siku, hata maumivu yanapokushawishi kulala kutwa. Jembe la mpini mfupi, nakusihi, liache kwanza. Ukipata homa za jioni, ukitokwa jasho usiku au ukiendelea kukonda bila kukusudia, kapime kifua kikuu, maana hushambulia hata uti wa mgongo. Na miguu ikilegea, au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.