Nguruwe kwenye fulana ya polisi: maswali ya wasomaji

Shikamoo mhariri. Mjomba yuko Marekani, amenitumia picha ya askari waliovaa fulana yenye nguruwe mwenye kofia ya polisi. Huku kwetu ukimwita askari nguruwe unalala ndani. Wao wanajiita wenyewe! Ilianzaje? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Lilianza kama tusi, tena tusi kongwe. Wengi husema lilizuka miaka ya 1960 kwa sababu barakoa za kujikinga na gesi zilifanana na pua ya nguruwe. Si kweli. Kamusi ya lugha ya wahuni iliyochapwa London mwaka 1811 tayari ina neno "pig" kwa maana ya askari, na inawataja hasa wale wa mahakama ya Bow Street. Hiyo ni miaka 18 kabla ya kuundwa kwa jeshi la polisi la London, mwaka 1829.

Miaka ya 1960 tusi lilipata sura. Emory Douglas, mchoraji wa gazeti la Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliopinga ukatili wa polisi, kilichoanzishwa Oakland, California, mwaka 1966, alimchora nguruwe amesimama kwa miguu miwili, sare imembana tumboni, beji kifuani, nzi wakimzunguka kichwa. Hao nzi ndio walioumiza: mchoro ulisema kitu hiki kinanuka, bila kuandika hata neno moja. Kisha tarehe 23 Agosti 1968, kundi la Yippie, vijana wa maandamano na dhihaka za kisiasa, lilileta nguruwe hai katikati ya jiji la Chicago, jina lake Pigasus, kumtangaza mgombea urais. Polisi wakamkamata nguruwe pamoja na waliomleta, akiwemo Jerry Rubin, kiongozi wa Yippie, na mwanamuziki Phil Ochs.

Askari nao wakajibu kwa kulichukua tusi na kulifanya lao. Wakazipa herufi tatu za "pig" maana mpya: Pride, Integrity, Guts, yaani fahari, uadilifu, ujasiri. Hapo ndipo nguruwe alipoingia kwenye fulana, vikombe na beji ndogo za kubandika kwenye kola. Mjini Sacramento, mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya polisi wa jiji na maofisa wa sherifu (polisi wa kaunti) ilianza miaka ya 1970 kwa jina la Pig Bowl, na mapato yake yakaenda kwenye misaada. Ila mwambie mjomba asije akajaribu utani huo barabarani akisimamishwa kwa mwendo kasi. Wenyewe wakiitana hivyo ni kicheko. Likitoka kwa raia, ni tusi lilelile la 1811.

Basi nguruwe ndiye nembo ya ule udugu wa polisi wa Marekani, Fraternal Order of Police? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Nembo yao ni nyota ya pembe tano, ncha zake za dhahabu, na ndani yake eneo la buluu. Katikati kuna jicho lililo wazi, la kukesha watu wakilala, na mikono miwili iliyoshikana, ya urafiki. Kaulimbiu ni "Jus, Fidus, Libertatum", ambayo wao huifasiri kuwa sheria ni ngao ya uhuru. Mwalimu wa Kilatini angeipitishia kalamu nyekundu, lakini imeshadumu.

Jicho na mikono vinafanana na alama za vyama vya siri vya zamani, na kuna sababu. Chama kilianzishwa Pittsburgh mwaka 1915 na askari 23, wakiongozwa na Martin Toole na Delbert Nagle. Enzi hizo askari wa miji mingi alifanya kazi saa 12 kwa siku, siku 365 kwa mwaka. Walichohitaji ni chama cha wafanyakazi, ila jina hilo lilikuwa linachukiwa, wakalikwepa. Wakajiita udugu, na matawi yao wakayaita "lodge" kama vyama hivyo vya siri, la kwanza likiwa Fort Pitt Lodge namba 1.

Na yule mbwa mwenye koti refu wa matangazo ya Kimarekani ya kuzuia uhalifu? Kikundi chetu cha ulinzi shirikishi kinataka kushona maskoti (vazi la mnyama linalovaliwa na mtu) kama huyo kwa ajili ya shule za msingi. (Msomaji, Morogoro)

Huyo ni McGruff. Jack Keil wa kampuni ya matangazo ya Dancer Fitzgerald Sample alifikiria kwanza tembo wa kuukanyaga uhalifu, kisha simba wa kuungurumia, ndipo akafika kwa mbwa wa kuung'ata. Sherry Nemmers na Ray Krivascy wakamvisha koti la mpelelezi. Alionekana kwenye televisheni mwaka 1980, akihimiza mambo madogo kama kufunga mlango na kuacha taa ikiwaka. Jina lilipatikana kwa shindano, alilolishinda askari wa New Orleans.

Mkishona lenu, tatizo la kwanza ni joto. Kichwa cha sponji ya godoro kinahifadhi jasho na joto, na Morogoro ya Januari haina huruma. Wekeni feni ndogo ya betri kwenye paji, ikitoa hewa nje. Mvaaji asizidi dakika 20, kisha apumzike na kunywa maji. Tundu la kuonea liwe mdomoni, lizibwe kwa wavu mweusi. Likiwa machoni pa mnyama, ambapo huwa juu kuliko macho ya mtu, mvaaji haoni watoto waliomzunguka miguuni na atamkanyaga mmoja. Kwa hiyo awepo pia msindikizaji ambaye kazi yake ni hiyo tu, na ndiye azungumze. Maskoti akae kimya, maana sauti ya fundi baiskeli wanayemjua mtaani inamvua kinyago palepale. Kichwa kivuliwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Bitana ifanyeni ya kufungua kwa zipu. Ifueni kila baada ya shughuli na muianike kivulini. Mkiliacha suti lenye jasho kwenye mfuko usiku mmoja, asubuhi mtawakumbuka wale nzi wa Emory Douglas.