Mjomba anasema nachezea simu. Je, nina kazi au sina?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Buhongwa hapa Mwanza kwa mjomba aliyenilea. Tangu mwaka jana nafanya vipande vya mtandaoni kwa simu: nasoma sentensi za Kiswahili na kurekodi sauti, nakagua tafsiri, na mara nyingine natunga maswali na majibu. Nalipwa kwa kipande, senti chache za dola. Miezi mitatu iliyopita nimepata dola 12, dola 54 na dola 31. Nimetoa hela mara mbili, na kila mara wamekata dola 3. Bando ni kama shilingi 18,000 kwa mwezi. Nakaa kwenye simu saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ila kama saa moja na nusu inaishia kwenye kusubiri vipande au kufanya majaribio yasiyolipwa.*

*Mjomba anasema nachezea simu. Amenitafutia nafasi ya kuandika mahesabu kwa rafiki yake muuza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba: shilingi 6,000 kwa siku, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Nauli 1,400 kwenda na kurudi ni juu yangu, na njiani ni saa nzima kila upande. Juzi fomu ya benki imeniuliza kazi yangu nikaacha wazi. Shangazi, nina kazi au sina?*

*Binti wa Buhongwa*

Marahaba, mwanangu.

Kazi unayo. Ajira ndiyo huna, na humo ndimo wewe na mjomba wako mnapopishana. Wataalamu wa takwimu wa nchi mbalimbali walipokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani mwaka 2013, walikubaliana kwamba mtu aliyefanya japo saa moja ndani ya wiki kwa ajili ya malipo au faida ahesabiwe kuwa yuko kazini. Hawakuuliza kama ana ofisi, wala kama analipwa kwa mwezi au kwa kipande. Wewe una saa 20 kwa wiki, kwa hiyo usiache tena nafasi hiyo wazi kwenye fomu. Andika: "Nimejiajiri, huduma za lugha na data mtandaoni."

Mjomba naye ana hoja. Masharti uliyobonyeza "nakubali" siku ya kwanza, ukiyasoma, karibu yote yanakuita mkandarasi huru. Maana yake likizo ya malipo huna, ukiugua hakuna anayekulipa, na notisi ya kuachishwa hupewi. Hayo ni ya mwajiriwa aliye chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la vipande vya mtandaoni kama vyako, lilijiondoa Kenya ghafla, na watu waliokuwa wanalitegemea kwa kila kitu wakajikuta hawana pa kuingia. Mzee aliyekulea akiogopa jambo kama hilo, usimwone ana roho mbaya.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana bila hesabu mtabishana mpaka mwakani. Jumla yako ni dola 97. Toa dola 6 za makato, zinabaki 91. Kwa hesabu rahisi tuseme dola moja ni shilingi 2,500, utapata 227,500. Toa bando la miezi mitatu, 54,000, unabaki na 173,500. Hiyo ndiyo hela yako halisi: kama 57,800 kwa mwezi. Miezi mitatu ina wiki 13, na wiki yako ni saa 20, jumla saa 260. Gawanya: saa yako moja ni kama shilingi 667.

Ukitaka kuipima, amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Wiki ya kazi kisheria ni saa 45, yaani saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa moja ilikuwa kama shilingi 769. Uko chini ya hapo, lakini si kwa umbali wa kuitwa mchezo.

Na Mwaloni je? Shilingi 6,000 ukitoa nauli zinabaki 4,600. Siku yako huko si ya saa 9, ni ya saa 11 ukihesabu njia. Saa moja inakuwa kama shilingi 418, na hapo chakula cha mchana sijakigusa. Kwa saa, simu inalipa zaidi. Kwa mwezi, siku 26 za Mwaloni zinakupa 119,600, karibu mara mbili ya simu. Kwa hiyo nyote wawili mna haki: wewe unaangalia saa, yeye anaangalia mwezi.

Tatizo lako kubwa ni ile saa moja na nusu ya kusubiri. Malipo ya kipande utayalalamikia, lakini huna uwezo wa kuyabadilisha. Muda wa kusubiri unaweza kuupunguza. Chukua daftari, na kwa wiki mbili uandike saa ambayo vipande vimetoka na jukwaa lililovitoa. Kama wateja wa jukwaa wako Marekani, asubuhi ya saa tatu ya New York kwetu ni saa kumi au saa kumi na moja jioni, kutegemea msimu, na mara nyingi kazi zao huanza kumiminika kuanzia hapo. Kukaa kwenye simu tangu saa nne asubuhi kunakula bando na macho bure. Ukipunguza kusubiri kutoka saa moja na nusu hadi nusu saa, kwa mapato yaleyale saa yako inapanda hadi kama shilingi 890.

La pili ni vipande vinavyokataliwa. Kwa kazi ya sauti, sababu ya kawaida ni kelele: bodaboda nje, redio ya jirani, na mvua kwenye bati. Mvua ikianza, acha kurekodi, fanya tafsiri. Ikitulia, ingia chumba chenye nguo nyingi, ukae ukielekea kabati lililofunguliwa au nguo zilizotundikwa, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Zima feni. Simu iwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, si mbele kabisa, ili pumzi ya "p" na "b" isigonge kipaza sauti. Ukibonyeza kurekodi, nyamaza kidogo kabla ya neno la kwanza, na kidogo baada ya la mwisho, maana wengi hukatwa silabi ya mwanzo bila kujua. Soma kilichoandikwa kama kilivyo. Hata kama sentensi ina kosa la Kiswahili linalokuuma, usiirekebishe kwa mdomo, kwa sababu mkaguzi analinganisha sauti na maandishi. Kosa liripoti kwenye sehemu yake, kama ipo.

Kutoa hela ndiko wengi wanakoumia. Makato ya dola 3 kwenye dola 20 ni asilimia 15. Kwenye dola 60 ni asilimia 5. Kwa hiyo usitoe kidogo kidogo. Lakini pia usilimbikize mamia ya dola kwenye jukwaa, kwa sababu akaunti ikifungwa salio nalo hufungwa. Kwa kipato chako, kutoa mara moja kila miezi miwili kunatosha. Kabla ya kujiunga na jukwaa jipya, angalia njia ya kulipwa kwanza: kuna huduma za malipo zinazomruhusu mtu wa Tanzania kutuma na kulipia, lakini kupokea hapana. Jina kwenye jukwaa, kwenye huduma ya malipo na kwenye benki liwe lile la kitambulisho cha NIDA, kwa mpangilio uleule. "Neema J." upande mmoja na majina matatu upande wa pili vinatosha kuzuia hela yako wiki nzima.

Usikodishe akaunti ya mtu, wala usinunue, wala usijifanye uko nchi nyingine ili upate vipande vya bei nzuri. Wanagundua, na mara nyingi wanagundua siku ya kutoa hela. Na yeyote anayekutaka uweke pesa kwanza ili "ufunguliwe kazi" au upandishwe daraja, huyo ni tapeli, hata kama aliyekuunganisha ni rafiki yako wa kanisani na wiki ya kwanza alilipwa kweli. Kulipwa kwa wiki ya kwanza ndicho chambo. Kazi halali inakata makato kwenye malipo yako, haikuombi uanze kulipa wewe.

Kuna pia michango ambayo ni ya kujitolea, kama ile ya kusomea sauti za Kiswahili kwenye Common Voice ya Mozilla. Ni jambo jema, linasaidia lugha yetu na linakupa mazoezi ya kurekodi, lakini hailipi. Ukiifanya, iandike kando kwenye daftari, isichanganyike na saa za kipato.

Kuhusu kodi, usiogope. Kiwango ambacho mtu binafsi hatozwi kodi ya mapato ni shilingi 270,000 kwa mwezi, sawa na 3,240,000 kwa mwaka, na wewe kwa mwendo huu hufikishi hata milioni moja. Hata hivyo chukua namba ya TIN. TRA wanaitoa bure na unaweza kuiomba mtandaoni kwa namba ya NIDA. NSSF nao wanapokea michango ya watu waliojiajiri, ukiona kipato kimetulia. Hela yako ipitishe kwenye akaunti moja tu, kila mara. Ukiwa na taarifa ya benki ya miezi sita inayoonyesha malipo yakiingia, ile fomu utaijaza ukiwa na ushahidi mkononi.

Sasa mjomba. Usimwendee na habari za Shirika la Kazi Duniani, ataona unamfundisha. Subiri baada ya chakula cha usiku, umsalimie vizuri, useme: "Mjomba, naomba nikuonyeshe hesabu zangu." Fungua daftari ukurasa wenye ile 173,500. Mwonyeshe na mwezi wa dola 12, usiuruke, kwa sababu akiugundua mwenyewe baadaye hatakuamini tena. Kisha chukua jukumu moja la nyumba lenye tarehe, kwa mfano umeme wa LUKU wa shilingi 15,000 kila tarehe 5, na usilikose. Mwambie pia saa zako za kazi, ili akikuona na simu saa mbili usiku ajue uko kazini, na akikuona nayo saa nne asubuhi awe na haki ya kukutuma sokoni.

Nafasi ya Mwaloni usiikatae, na usiichukue yote. Biashara ya dagaa inafuata mwezi: wavuvi wanavua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wengi wanapumzika, na meza za Mwaloni nazo zinapwaya. Hakuna anayesema mvuvi wa dagaa hana kazi kwa sababu ya juma la mbalamwezi, na hilo unaweza kumkumbusha mjomba kwa adabu akikuuliza kuhusu ule mwezi wa dola 12. Muombe rafiki yake akuchukue siku tatu kwa wiki, zile za mzigo mwingi. Siku tatu zinakupa 13,800 kwa wiki, karibu 59,800 kwa mwezi. Ukijumlisha na 57,800 za simu unafika kama 117,600, karibu sawa na Mwaloni ya siku sita, ila umetumia saa 53 kwa wiki badala ya 66. Na mlango mmoja ukifungwa, wa pili uko wazi. Akisema anataka mtu wa siku sita au hapana, muombe wiki mbili za kujaribu. Mtu wa kuandika mahesabu vizuri si rahisi kumpata.

Fanya hivyo kwa miezi mitatu, daftari likiendelea. Mwisho wake piga hesabu ileile ya saa moja, pamoja na saa za kusubiri. Ikiwa juu ya 418, endelea na mpango huu na uanze kutafuta jukwaa la pili la tafsiri, maana ukaguzi wa tafsiri mara nyingine hulipa kuliko sauti. Ikiwa chini ya 418, basi Mwaloni imeishinda simu kwa saa na kwa mwezi, na hapo mpigie rafiki wa mjomba umwombe siku zote sita.