Los Santos: raha zake na karaha zake

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa kwamba nimerudi kucheza Grand Theft Auto V, ile gemu ya majambazi watatu, Michael, Franklin na Trevor, iliyotoka Septemba 2013 na ambayo vibanda vya PS vya Mombasa bado havijaichoka. Nilidhani nimepita njia tu. Simu yangu haijapumua tangu siku hiyo. Haya, tuyapitie maswali yenu.

Nimepata PS4 ya mitumba Mwembe Tayari na muuzaji amenishikilia nichukue na GTA V. Gemu ya miaka yote hiyo, si nitakuwa nimeliwa? — Kisauni

Hujaliwa, kaka. Ila usiianze kwa pupa. Ukishapita ule wizi wa mwanzo kwenye theluji, weka misheni, zile kazi unazopewa na hadithi, kando. Chukua gari, endesha kama uliyebeba trei ya mayai mpaka ufukwe wa Vespucci, kisha ushuke utembee. Jua linazama, huyu ananyanyua vyuma, yule anagombana na mtu kwenye simu, na ukimpiga kikumbo mpita njia anakutukana. Los Santos ni Los Angeles iliyobadilishwa jina, lakini walioongoza kuitengeneza gemu, Rockstar North, wako Edinburgh, Uskochi. Watu wa baridi wamelipika joto hilo mpaka unatafuta feni.

Halafu kuna kubadili mhusika. Unamwacha Michael, kamera inapaa kama kipanga, inamshukia Trevor: unamkuta amezinduka mlimani, amevaa gauni, hajui alifikaje. Wale watu walikuwa na mambo yao wakati umewapa kisogo. Hilo peke yake linatosha kukulipa pesa yako.

Mimi ni mtu wa bandari. Mwanangu aliniita nione misheni ya bandarini nikacheka mpaka machozi. Wewe uliionaje? — Changamwe

Mzee wangu, swali hili nililisubiri. Kwa ambao hawajafika: Trevor anavaa nguo za kazi, anaingia bandari ya Los Santos pamoja na Floyd, mfanyakazi wa pale, kwenda kupeleleza meli. Kabla ya upelelezi lazima aonekane anafanya kazi. Basi unaendesha lile dude refu lenye miguu minne linalopanda juu ya kontena na kulibeba katikati ya matairi. Baadaye unapanda kwenye kreni na kupakia makontena kwenye malori: unashusha chuma cha kudakia, unakilinganisha, unakosea, unarudi kidogo, kinashika.

Wachezaji wengi huichukia kwa sababu ni ya polepole. Mimi huipenda. Labda ni kwa sababu kila nikisubiri feri Likoni huwa nazitazama zile kreni za Kilindini na kujiuliza aliye kule juu anaona nini. Katika gemu nzima ya kuiba, ni moja ya mara chache unapotoka jasho la halali.

Linaloniudhi ni linalofuata. Baada ya maandalizi yote hayo mnakwenda kuuchukua mzigo wenyewe, risasi zinalia, mnafaulu, kisha Lester, mpangaji wao wa wizi, anautazama na kuwaambia mrudishe mlikoutoa, ni silaha hatari mno. Malipo hakuna, hata nauli. Najua ni mzaha, na mzaha wenyewe ni mzuri. Lakini saa zilizopotea ni zangu, si za Trevor. Wewe unajua zaidi yangu mtu anavyojisikia akimaliza shifti kisha aambiwe leo hakuna kitu.

Mbona wanasema uko huru, lakini nikikata kona tofauti kidogo misheni inafeli? — Nyali

Hapo umeweka kidole kwenye kidonda. Nje ya misheni jiji ni lako: panda treni, ruka na parachuti, piga mbizi baharini. Ikianza misheni, unafungwa kamba shingoni. Mwandani wako akibaki nyuma, umefeli. Ukimpoteza unayemfuata, umefeli. Ukiona njia ya busara ambayo hawakuifikiria, umefeli pia. Ule wizi wa duka la vito unakupa kuchagua kati ya kuingia kwa ujanja au kwa kishindo, na unachagua wa kwenda nao na mgao wao. Wa bei rahisi anaweza kukuharibia. Natamani misheni zote zingepikwa kwenye chungu hicho. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa gemu hii, kuliko hata polisi wake wanaoibuka kichakani kama uyoga baada ya mvua.

Nilimaliza hadithi mfukoni nina vumbi. Wenzangu wana mabilioni. Siri ni nini? — Bamburi

Misheni za mauaji za Lester. Ya kwanza ni lazima uifanye njiani. Zilizobaki usiziguse mpaka wizi wa mwisho uishe na wote watatu wawe na pesa. Kabla ya ile ya pili, hifadhi gemu, kisha nunua hisa za kampuni ya Debonaire kwenye LCN, soko la hisa la ndani ya gemu, kwa wote watatu. Ua, subiri zipande, uza. Hisa za kampuni ya Redwood zitakuwa zimeanguka, zinunue, lala kitandani mara kadhaa mpaka zifufuke. Uzuri wa kichokozi ni huo: pesa nene iko kwenye soko la hisa, si kwenye bunduki.

Kijana wangu ana miaka 11 na anaicheza kibandani akitoka madrasa. Ni mbaya kiasi gani? — Mama wa Tudor

Mama, si ya umri huo. Tazama kasha la diski za Ulaya: 18, imeandikwa ndani ya kisanduku chekundu. Acha matusi na klabu za wanawake walio uchi. Kuna misheni ambayo Trevor anamtesa mtu aliyefungwa kwenye kiti, na ni mchezaji anayechagua kifaa, koleo au umeme, na kusukuma pedi kwa mkono wake. Baadaye Trevor mwenyewe anaeleza kwamba mateso hayasaidii kupata ukweli. Mtu mzima huenda akaona hoja hapo. Mtoto ataliona koleo. Ongea na mwenye kibanda, mara nyingi huwa ni jirani tu, amwekee gemu ya mpira.

Mimi msichana, nitacheza kama nani? — Ganjoni

Kwenye hadithi, hakuna. Wote watatu ni wanaume, na wanawake waliomo wengi ni wa kelele tu. Kasoro kweli. Kwenye GTA Online, ile sehemu ya kucheza na wenzako kwa intaneti, unaweza kuunda mhusika wa kike. GTA VI ina mhusika mkuu wa kike, Lucia.

GTA Online inanimalizia bando, na zamani kuingia tu ilikuwa unakaanga viazi karai ukarudi. Ilikuwa shida ya intaneti yetu? — Mikindani

Bando sina dawa. Lakini kule kusubiri tulijilaumu bure. Mwaka 2021 mtaalamu mmoja wa programu, kwa hiari yake, alichungulia ndani akakuta gemu inasoma orodha ya bidhaa kama 63,000 kwa namna ya kipumbavu, ikirudia kuhesabu kitu kilekile tena na tena. Akarekebisha, dakika 6 kwenye mashine yake zikashuka chini ya 2. Rockstar walikubali, wakamlipa dola 10,000, wakasambaza marekebisho. Gemu iliyoingiza dola bilioni moja ndani ya siku 3 za mwanzo! Kadi zao za kuuza pesa za ndani ya gemu hazikuwahi kuchelewa hivyo.

Nyinyi watoto hamjui gemu. San Andreas ndiyo baba lao. — Majengo

Ami, nusu nakubali. Ile GTA ya 2004 ilikuwa na miji mitatu, mhusika wake CJ alinenepa akila ovyo na kukonda akienda jimu, na kompyuta yenye RAM ya MB 256 iliibeba. HESOYAM, neno la siri la kujipatia pesa na afya, naliandika nimefumba macho. Ila kulenga shabaha kulikuwa taabu tupu. Na ile ya kufukuza treni kwa pikipiki, mwenzake CJ, Big Smoke, akipiga risasi kila mahali isipokuwa palipo na adui, mpaka leo sijaimaliza kwa jaribio moja. Kama wewe umewahi, nitakuja Majengo na kahawa tungu nishuhudie.