Kwao ni Wapi, Ikiwa Nyumba Ilikuwa ya Kampuni?

MASWALI YA WASOMAJI: ASILI NA UKOO

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, na kwa miaka sita sasa ninaishi Columbus, Ohio, ambako nimeolewa na Mmarekani Mweusi. Tumejaliwa mtoto wa kiume, na kila tunapozungumza kwa simu mama yangu mzazi huniuliza swali lile lile: hawa wakwe zako kwao hasa ni wapi? Humjibu kwamba mavyaa yangu alizaliwa Gary, Kaunti ya McDowell, jimbo la West Virginia, kwenye milima ya makaa ya mawe, na kwamba wazazi wake walimleta Columbus mwaka 1959 akiwa na miaka mitano. Mama hunijibu kuwa hapo ni pa kuzaliwa tu. Mavyaa naye hana la kuongeza ila kwamba babu yake alitoka Alabama kwenda kuchimba makaa, kwamba nyumba yao haipo tena, na kwamba hawakuacha shamba wala hati yoyote. Juzi niliandaa maharage na mkate wa unga wa mahindi, akakaa kimya mezani kwa muda, kisha akasema hicho kilikuwa chakula cha bibi yake cha kila siku. Ningependa kujua nianzie wapi kutafuta asili ya mwanangu kwa upande wa baba, na nimjibu nini mama.

Bi. Z., Columbus

JIBU

Bi. Z., mama yako ameuliza swali la haki, ila linadhani kwamba kila ukoo una ardhi yake, na hilo ndilo jambo ambalo watu wa migodini walinyimwa tangu mwanzo. Ukienda Gary kutafuta kiwanja cha babu yake mavyaa hutakiona, kwa sababu hakikuwapo. Mtafute huyo mzee kwa kazi yake, yaani mgodi aliochimba, kampuni iliyomlipa na namba aliyopewa, nawe utashangaa jinsi karatasi zitakavyojitokeza.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa Muheza, upo mfano utakaomwingia mama yako bila maelezo mengi. Anawajua manamba, wale vibarua walioandikishwa Kigoma, Songea, Burundi na kwingineko, wakasafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, wakapewa namba na kipande cha kujaza siku 30 za kazi. Milima ya McDowell iliingiwa na watu kwa mtindo unaofanana na huo. Mwaka 1880 kaunti nzima ilikuwa na watu elfu tatu na ushei, wakulima na wawindaji wa bondeni. Mwaka 1883 reli ya Norfolk and Western ilianza kusafirisha makaa kutoka Pocahontas, upande wa pili wa mpaka na Virginia, na katika miaka iliyofuata ikapenya ndani ya McDowell. Gary yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1902 na kampuni tanzu ya shirika la chuma la U.S. Steel, na ikaitwa kwa jina la Elbert Gary, mwenyekiti wa shirika hilo. Makaa ya huko yalifaa sana kwa matanuri ya kuyeyushia chuma, na wenyeji wachache wa milimani wasingetosha kuyachimba. Mawakala wakaenda kuwatafuta watu Alabama, Virginia na Carolina, na wengine wakawapokea Wahungari, Wataliano na Wapolandi waliokuwa wakishuka melini. Mara nyingi nauli ya treni ililipwa na kampuni, kisha ikakatwa kwenye mshahara wa kwanza.

Namba nayo haikukosekana. Mchimbaji wa wakati huo alilipwa kwa tani. Alitoboa mwamba wa makaa, akaulipua kwa baruti, akajaza toroli kwa koleo, kisha akatundika juu yake kibati cha shaba chenye namba yake ili mpima mizani wa juu ajue mzigo ni wa nani. Kuondoa mawe, kuweka nguzo za kuzuia dari na kutandika reli za ndani ilikuwa kazi ambayo mara nyingi haikulipiwa. Nyumba ilikuwa ya kampuni na kodi ilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Duka lilikuwa la kampuni pia, na aliyeishiwa kabla ya siku ya malipo alikopeshwa kwa vibati ambavyo havikuwa na thamani ya kawaida nje ya duka hilo. Mtu akifa au akifukuzwa kazi, familia ilitakiwa kuacha nyumba. Kwa hiyo mavyaa anaposema hawakuacha hati, hawakuwa wazembe. Hati ya nini, ya nyumba ya mwajiri?

Tofauti moja na manamba mwambie mama yako waziwazi, kwani ndiyo inayojibu swali lake. Namba wa Kigoma alipomaliza mkataba, angalau kinadharia, alikuwa na kijiji cha kurudi. Kijana Mweusi wa Alabama wa miaka ya 1910 kwa kawaida alikuwa ameacha shamba la pamba la mtu mwingine, alilolilima kwa kugawana mavuno, na wazee wake walikuwa wamezaliwa utumwani au walikuwa wana wa waliozaliwa utumwani. Kwake mgodi ulikuwa na hatari, lakini ulilipa kwa tani bila kujali rangi ya mchimbaji, na West Virginia ilimruhusu kupiga kura wakati Alabama ilikuwa imemfungia mlango huo. McDowell ilipata madiwani, mawakili na magazeti ya Weusi, na mjini Kimball lipo hadi leo jengo lililojengwa mwaka 1928 kuwakumbuka wanajeshi Weusi wa Vita Kuu ya Kwanza. Shule zilikuwa za ubaguzi, kama sheria ya jimbo ilivyotaka, na kazi nyepesi na vyeo vya usimamizi viliwaendea Wazungu. Hata hivyo watu walijenga maisha: makanisa, timu za besiboli, bustani za mboga nyuma ya nyumba, na nguruwe wa kuchinjwa msimu wa baridi. Maharage na mkate wa mahindi ndicho kilikuwa chakula cha wote, Weusi kwa Weupe, kwa kuwa kilishibisha na kilikuwa nafuu. Ukipika tena, mwombe mavyaa akuonyeshe jinsi bibi yake alivyofanya, na uwe na daftari karibu. Mtu husema mengi akiwa anakoroga sufuria kuliko akikalishwa kuhojiwa.

Sasa karatasi. Anza na sensa ya 1950, kwa sababu sensa za Marekani hufungwa kwa miaka 72 na hiyo ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022. Mavyaa alikuwa hajazaliwa, lakini baba yake ataonekana humo pamoja na kazi yake. Kisha rudi nyuma hadi 1940, 1930 na 1920. Katika sensa ya 1930 utakuta mahali alipozaliwa kila mtu na walipozaliwa wazazi wake, kiasi cha kodi ya nyumba, na hata kama familia ilikuwa na redio. Usisome mstari wa ukoo wako peke yake. Soma ukurasa mzima. Watu wa Alabama walifuatana, na yule aliyeandikwa kuwa mpangaji chumba kwa babu yake mavyaa huenda ni shemeji au mtoto wa jirani wa nyumbani, na jina lake ndilo litakalokuonyesha kaunti waliyotoka. Vumilia tahajia, kwa sababu karani aliandika alichosikia.

Baada ya sensa, tafuta kadi ya uandikishaji wa jeshi ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume yeyote aliyekuwa na umri wa miaka 21 hadi 30 mwezi Juni 1917 alitakiwa kujiandikisha, hata kama hakuwahi kupelekwa vitani, na kadi ile ya mwanzo iliuliza mahali alipozaliwa na jina la mwajiri wake. Kwa ukoo wa migodini sijui karatasi iliyo bora kuliko hiyo, kwani inaweka Alabama na mgodi kwenye ukurasa mmoja. Vyeti vya vifo vya West Virginia vilianza kutunzwa na jimbo mwaka 1917, na Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo imeviweka vingi kwenye intaneti bila malipo. Humo hutajwa wazazi wa marehemu, ingawa mtoa habari aliyefiwa angeweza kukosea. Fomu ya kuomba namba ya hifadhi ya jamii, iliyoanza kutumika mwaka 1936, inataja wazazi wote wawili, tena kwa maneno ya mwombaji mwenyewe.

Ipo na ripoti ya kila mwaka ya idara ya migodi ya jimbo, ambayo iliwaorodhesha waliofia mgodini kwa majina, pamoja na mgodi na sababu ya kifo. Nakuomba usiifungue mbele ya mavyaa kabla hujaisoma peke yako. Watu hukumbuka milipuko mikubwa, kama ule wa Monongah wa tarehe 6 Desemba 1907 ulioua zaidi ya watu 360, lakini ukurasa baada ya ukurasa utakuta mtu mmoja mmoja aliyeangukiwa na dari la mwamba siku ya kawaida ya kazi. Walionusurika na dari walimalizwa taratibu na vumbi. Ugonjwa wa mapafu meusi haukutambuliwa vilivyo katika sheria ya nchi hadi mwaka 1969, baada ya watu 78 kufa katika mlipuko wa mgodi wa Farmington mnamo Novemba 1968 na wachimbaji zaidi ya 40,000 wa West Virginia kugoma miezi michache baadaye. Muulize mavyaa kama bibi yake aliwahi kudai fidia ya ujane. Madai hayo yalihitaji vyeti vya ndoa na ushahidi wa kazi, na nakala zake wakati mwingine hulala kwenye Biblia ya familia.

Ukishavuka kwenda Alabama, kazi inakuwa ngumu. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kutokana na moto wa mwaka 1921, na sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina watu waliokuwa watumwa huko. Kabla yake utakuta umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la aliyewamiliki. Ukifika hapo utakuwa umempa mama yako vizazi vitano, na mwanao atajua kwamba yeye ni kilembwe wa mchimbaji wa Gary.

Kuhusu kuhama kwa mwaka 1959, familia yake haikuwa peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashine za kupakia ziliingia migodi mingi, wapakiaji kwa koleo wakaachishwa, na kwa kuwa Weusi wengi waliwekwa kwenye koleo, wao ndio waliotangulia kutoka. Kaunti ya McDowell ilikuwa na watu karibu 99,000 mwaka 1950. Sensa ya 2020 ilihesabu takriban 19,000. Waliohama walijikusanya upya mijini. Watu wa Lynch na vitongoji vyake, Kentucky mashariki, wana chama kiitwacho Eastern Kentucky Social Club, ambacho kila mwaka hukutana katika mji tofauti wakati wa Sikukuu ya Wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba. Wahitimu wa shule za Weusi za McDowell nao wana mikutano yao. Mpelekeni mavyaa. Mwambie mama yako kwamba kwao ni pale watu hao wanapokutana, hata kama mwaka huu ni hotelini.

Mkitaka kwenda Gary, nendeni mwezi Machi, kabla majani hayajafunika makaburi na kabla nyoka hawajatoka. Makaburi mengi yako mlimani, mengine yamewekewa jiwe tupu lisilo na maandishi, na ardhi huenda ni ya kampuni au ya mtu binafsi. Sheria ya West Virginia inawapa ndugu wa marehemu haki ya kupita kwenye ardhi hiyo kuzuru kaburi, mradi watoe taarifa kwa mwenye ardhi.

*

Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Mbinga, Ruvuma, ambako makaa yanachimbwa Ngaka. Nasikia milima ya makaa ya mashariki mwa Marekani imetoa makaa kwa zaidi ya karne moja, na bado wenyeji wake ni maskini. Kwa nini?

JIBU: Sababu zipo nyingi, lakini ya kwanza ni kwamba kilichokuwa chini ya ardhi kiliuzwa mapema, tena kwa bei ya kutupa. Mwishoni mwa karne ya 19 mawakala walipita mabondeni wakiwanunulia wakulima haki ya madini peke yake, na mkulima akaendelea kulima juu huku akidhani hajapoteza kitu. Kule Kentucky, mikataba ya aina hiyo ilitafsiriwa na mahakama kuwa inampa mwenye madini ruhusa ya kuupasua uso wa ardhi kwa tingatinga bila idhini ya mjukuu wa aliyeuza, na hali hiyo ilibadilishwa kwa kura ya wananchi ya kurekebisha katiba ya jimbo mwaka 1988. Kwenu madini ni mali ya Jamhuri kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2010, kwa hiyo hakuna wakala atakayemnunulia babu yako makaa ya chini ya mihogo. Swali lenu litakuwa la fidia ya uso wa ardhi na la mapato yanayorudi wilayani, na hapo ndipo mnapaswa kusoma kila karatasi kabla ya kutia saini.

*

Ndugu Mhariri, nimeajiriwa kutunza wazee huko Charleston, West Virginia. Je, ni vibaya kuwaita watu wa huku "hillbilly", jina la kejeli kwa watu wa milimani? Wao wenyewe huitana hivyo.

JIBU: Waache waitane. Wewe usilitumie, kama vile mgeni asivyoingia kwenye utani wa watani. Na ukitaja milima yao ya Appalachia, sema "Apalacha" kama wanavyosema wao. Ukisema "Apaleisha" watajua umejifunzia televisheni.