Banda lilisimama vizuri mara ya kwanza, mara ya pili likagoma

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala wa makabati na milango, huu ni mwaka wa tisa. Mwaka huu nimepata kazi yangu ya kwanza ya banda la maonyesho: eneo la mita 6 kwa 3, ukuta wa nyuma wenye paneli tano za kimo cha mita 2.44, kuta mbili fupi za pembeni, na kistoo kidogo chenye mlango. Nilitumia MDF ya milimita 18, nikabandika formika nyeupe upande wa mbele, nikaunga kwa skrubu. Maonyesho ya kwanza mteja alifurahi mno. Ya pili, miezi miwili baadaye, ikawa aibu. Kati ya paneli kulikuwa na nyufa za kupitisha sarafu, mlango haukufunga, skrubu zilizunguka tu bila kushika, na paneli mbili zilikuwa zimepinda. Yamebaki maonyesho mawili, na ya mwisho yako nje ya nchi. Vipimo nimevirudia, viko sawa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, fundi. Vipimo vyako nakubali vilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba ulitengeneza kabati kubwa. Kabati ukishalifunga limefungwa, litakaa pale ukutani mpaka wenye nyumba wahame. Banda hufungwa na kufunguliwa, na mara nyingi hufunguliwa usiku, na watu waliochoka ambao hujawahi kuonana nao, huku foklifti ikipiga honi nyuma yao. Mimi huanza kuchora banda kutoka usiku huo wa kubomoa, narudi nyuma hadi karakana.

Wala si wazo jipya. Jengo la maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, Crystal Palace, liliundwa kwa vipande vinavyofanana vilivyotengenezwa kwingine na kuunganishwa pale pale uwanjani. Maonyesho yalipokwisha lilifunguliwa likahamishiwa Sydenham, likafunguliwa kwa wageni tena mwaka 1854. Aliyelibuni, Joseph Paxton, alikuwa mtunza bustani.

Tuje kwenye skrubu, maana ndizo zilizokuponza zaidi. MDF ni nyuzi fupi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Usoni inashika skrubu kiasi, lakini kwenye ubavu ni dhaifu, hupasuka na kufunguka kama kurasa za kitabu. Skrubu ya kwanza hujikatia njia yake. Ukiitoa inatoka na unga, na ukiirudisha kwa drili ya umeme haifuati njia ile ile, inakata nyingine. Ukirudia hivyo mara kadhaa hakuna kilichobaki cha kushika. Nadhani ulijaza njiti za kiberiti na gundi ukaendelea. Sote tumewahi kufanya hivyo, na husaidia kwa siku moja.

Kwangu mimi skrubu ni ya kiungo kisichofunguliwa tena. Kiungo chochote kitakachofunguliwa kiwe chuma kwa chuma. Kila paneli iwe na fremu ya mbao kwa nyuma. Pale fremu mbili zinapokutana, toboa, upande mmoja zamisha nati yenye meno, upande wa pili pitisha boliti ya M8 (unene wa milimita 8) na washa pana. Kwa kimo cha 2.44, boliti tatu zinatosha kila kiungo. Zipo pia kufuli za kuzamisha: ndoano inajificha ndani ya ubavu wa paneli, unaizungusha kwa ufunguo wa pembe sita kupitia tundu dogo, nayo inaivuta paneli jirani hadi zikutane. Nazipenda, zinafunga kwa sekunde chache, lakini hazisamehi hata kidogo ukikosea kutoboa. Kwa kazi yako boliti zinatosha, mradi mgongo wa ukuta hauonekani. Na boliti zote ziwe za aina moja, spana moja. Ukichanganya M8 na M10, usiku ule mtu atailazimisha isipoingia.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wa makabati hulisahau wanapohamia kwenye boliti: boliti hubana, haielekezi. Tundu la M8 tunalitoboa milimita 9 au hata 10 ili boliti iingie bila ugomvi, na ulegevu huo huo ndio unaoruhusu paneli moja itokeze mbele ya mwenzake. Kwa hiyo weka pia vijiti viwili vya chuma au mbao ngumu kila kiungo, vyenye ncha iliyochongwa kidogo, viingie kwenye matundu yasiyo na nafasi. Vijiti vinaiweka paneli mahali pake, boliti inaikaza. Matundu yote yatoboe kwa kigezo kimoja, kipande cha plaiwudi ngumu au bati nene, na kigezo hicho kipimwe kuanzia ukingo wa chini wa paneli siku zote. Siku utakapokigeuza ukaanzia juu, hata kwa paneli moja tu, umejitengenezea kazi ya kuziba matundu. Ukishikamana na upande mmoja, paneli yoyote itakaa mahali popote, na hiyo ni nusu ya vita.

Sasa nyufa. Jiulize: zilikuwa na upana ule ule kuanzia chini hadi juu, au zilianza nyembamba zikapanuka? Kama ni sawa kote, kiungo ndicho kilicholegea, na nimekwisha kukijibu. Kama zilipanuka kama herufi V, kosa liko sakafuni. Sakafu za kumbi za maonyesho zina mifereji ya nyaya, viungio vya zege na viraka vya miaka mingi. Chukua paneli yako ya upana wa mita 1.2: upande mmoja ukiwa chini kwa milimita 5 tu, kule juu kwenye mita 2.44 paneli imelala kwa milimita 10. Hakuna boliti itakayolificha hilo. Na mlango wako uligoma kwa sababu hiyo hiyo. Fremu ilisukumwa ikalala upande kama msambamba, pembe zake si mraba tena.

Dawa ni miguu ya skrubu chini ya kila paneli, miwili kila moja, au jukwaa la sakafu lenye miguu hiyo kama bajeti ya mteja inaruhusu. Ukifika ukumbini usianze kwenye kona unayoipenda. Pita na pimamaji au leza eneo lote, tafuta mahali palipoinuka kuliko pote, anzia hapo, kwingine uinue. Kuinua unaweza, kuchimba sakafu ya watu huwezi. Kabla ya kusimamisha chochote, chora mstatili wako chini kwa chaki na upime pembe kwa pembe. Kwa mita 6 kwa 3 mishazari yote miwili lazima isome mita 6.708. Lakini wewe usijenge mita 6 kamili! Majirani nao wana kuta, na palipo na nguzo za alumini za waandaaji, nafasi ya ndani hupungua kwa sentimita kadhaa. Mimi ningejenga 5.95 nikalala usingizi.

Jingine kuhusu nyufa: usipigane nazo zote. Nyufa mbili zisizolingana huonekana kutoka mbali. Mfereji uliokusudiwa hauonekani kama kosa. Kata kingo za mbele za kila paneli kwa mshazari wa milimita 2, zikikutana utapata mfereji mdogo wa V unaojirudia ukuta mzima. Tofauti ya nusu milimita inazama humo, na kona zako hazipasuki kirahisi zikigongwa. Kama mteja anataka ukuta usio na mstari hata mmoja, mwambie ukuta ufunikwe kwa kitambaa kilichochapishwa, kinachovutwa juu ya fremu nzima. Usimkubalie kuziba viungo kwa puti na rangi ukumbini. Niliwahi kukubali, nikapiga msasa saa saba usiku huku wasafishaji wakinitazama vibaya, na ilipobomolewa kila kiungo kilinyofoka na kipande cha rangi.

Paneli zilizopinda ni kwa sababu ya formika ya upande mmoja. Formika na MDF hazinywi unyevu kwa kasi moja wala hazitanuki sawa. Upande wa mbele umefungwa, wa nyuma uko wazi unavuta na kutoa unyevu, basi ubao unajikunja. Ukibandika mbele, bandika na nyuma, hata kwa karatasi ya formika ya bei nafuu isiyo na rangi ya maana, ili pande mbili zivutane sawa. Kingo nazo zizibwe, hasa ule wa chini. Kumbi hupigwa deki, na MDF ikinywa maji ukingoni huvimba na hairudi. Halafu, kati ya maonyesho ya kwanza na ya pili ulizihifadhi vipi? Kama ziliegemezwa ukutani kwa miezi miwili, umejibu mwenyewe. Zisimame wima kabisa zikiwa zimebanwa pamoja, au zilale juu ya mbao zilizo sawa.

Ningekuwa mimi, ukuta wa nyuma ningeuunda upya. Shiti moja ya MDF ya milimita 18, 1220 kwa 2440, ina uzito wa karibu kilo 40. Fremu ya mbao nyepesi yenye vipago vitatu, ukaivalisha plaiwudi ya milimita 6, haifiki kilo 20, na mtu mmoja anaibeba bila kuikwangua kona. Paneli ikibebwa kwa urahisi haiangushwi. Kuta fupi za pembeni ziache za MDF kama hazijapinda, uzifunge fremu kwa nyuma ili zipate pa kuwekea nati. Mlango utengeneze kama kitu kimoja: fremu yake yenye kizingiti cha chini, mlango ukiwa umeshapachikwa bawaba na kitasa karakana, usafiri hivyo hivyo ukiwa umefungwa kwa kipande cha ubao kilichopigwa skrubu. Usiuvue kwenye bawaba kamwe.

Kabla hujanunua plaiwudi hiyo, omba mwongozo wa waandaaji wa maonyesho yote mawili, usome ukurasa wa moto. Kumbi nyingi hudai daraja maalumu la vifaa. Ulaya utakutana na alama kama B-s1,d0, na MDF ya kawaida kwa mfumo huo huwa D-s2,d0, daraja la chini ya hilo, yaani huenda ikakataliwa mlangoni. Ziko mbao za shiti zilizotiwa dawa ya kuzuia moto; nunua zenye cheti, na cheti kisafiri na banda.

Kuhusu safari ya nje, makasha ndiyo yatakayokusumbua. Mbao nzima za kufungashia zinazovuka mpaka zinaongozwa na kanuni iitwayo ISPM 15. Njia iliyozoeleka ni kuzipasha joto hadi kiini cha ubao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha zinapigwa mhuri wenye herufi HT na kiwanda kilichoidhinishwa. Huwezi kujipigia. Plaiwudi haimo katika kanuni hiyo kwa kuwa imetengenezwa kwa gundi, joto na mgandamizo, lakini angalia: ukitengeneza kasha la plaiwudi ukaweka pembe na miguu ya mbao nzima, miguu hiyo inahitaji mhuri. Makasha ya watu yamezuiwa bandarini kwa sababu ya vipande vinne vya mbao chini.

Pima pia mlango wa kontena. Kontena la kawaida ndani lina kimo cha karibu mita 2.39, lakini mlango wake ni kama mita 2.28 tu. Paneli zako za 2.44 haziingii zikiwa wima. Nalijua hili kwa sababu niliwahi kujenga kasha zuri lenye magurudumu, la kusimamisha paneli, nikalisukuma hadi kwenye kontena, likagota. Tulilifungua barabarani, mvua ikinyesha, tukalilaza. Kasha lako lilaze paneli kwa ubavu wake mrefu, na lipite pia kwenye mlango wa karakana yako mwenyewe, usicheke.

Mwisho, alama. Kila paneli iwe na namba mgongoni, mshale wa kuelekea juu, na namba ya jirani yake kila upande, kwa rangi isiyofutika. Boliti za kila kiungo zibaki kwenye paneli hiyo hiyo, zikiwa zimekazwa kidogo katika nati zake, badala ya kutupwa kwenye mfuko mmoja. Mchoro wa banda ubandike ndani ya kifuniko cha kasha, pamoja na picha ya namna vitu vinavyopangwa humo. Anayebomoa hajui kwamba paneli namba 5 lazima iingie kwanza.

Ukimaliza, lisimamishe karakana mara mbili. Mara ya kwanza wewe mwenyewe, huku umeweka vipande vya ubao chini ya kona moja ili sakafu isiwe sawa. Mara ya pili mpe mtu ambaye hakushika kazi hiyo kabisa, mpe spana na mchoro, kisha ukae pembeni na kalamu. Kila atakapokuuliza kitu, jibu usimpe kwa mdomo. Nenda ukaliandike kwenye paneli.