Mabamba ya meno yaliyoinuka kwenye kenchi

Mkuu, umeuliza kama mabamba ya meno (vipande vya chuma vyenye meno vinavyounganisha mbao) yaliyoinuka kwenye kenchi (fremu za mbao za paa) za wiki tatu zilizopita yanaweza kugongwa nyundo yarudi. Hapana. Meno yakishatoka, matundu yake kwenye mbao yamelegea. Ukigonga, mengine yanapinda na mengine yanakaa tu bila kushika. Kiungo kitaonekana kizima kwa macho, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mtuhumiwa wa kwanza ni mbao mbichi: ikikauka inasinyaa na kusukuma meno nje. Pima kwa kipima unyevu kabla ya kukata. Ikizidi asilimia 19, irudi stoo. Angalia na mikato. Mbao zisipogusana kwenye kiungo, mgandamizo wote unabebwa na bamba, ambalo ni chuma chembamba tu, litajikunja. Bamba liwe pande zote mbili, yakabiliane, na meno yasiangukie fundo la mbao.

Kenchi hizo mbovu zitenge na uzipake rangi nyekundu, la sivyo vijana watazipakia. Mhandisi aliyezichora ndiye atoe mchoro wa ukarabati; kwa kawaida ni plaiwudi pande zote mbili, na misumari kwa idadi na nafasi alizoandika. Kama zimeshapandishwa, mtu asipite chini wala juu mpaka mhandisi aseme nguzo za muda zikae wapi. Nguzo ikiwekwa pasipostahili hugeuza mzigo, na mbao iliyokuwa ikivutwa inaanza kugandamizwa.