Kabla hujampa mgonjwa kioo

Wewe uliyepangiwa chumba cha vidonda wiki hii, kufunga bandeji utaweza kwa siku mbili. Kitakachokutoa jasho ni pale mgonjwa aliyetolewa saratani ya ngozi usoni anapokwambia, "Sista, nipe kioo."

Utawaona wakulima, na utawaona sana wenye ualbino. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi inawadanganya watu kwamba jua halichomi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimfungua bandeji dada mmoja. Kovu lilikuwa dogo, pembeni ya pua. Nikamwambia, "Mbona kadogo tu, mshukuru Mungu." Akavuta kitenge mpaka chini ya macho, akaondoka, na kliniki hakurudi tena. Mzee mmoja wa Tukuyu, aliyebaki na nusu ya pua, alijitazama weee, kisha akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yaani asante sana. "Ile harufu imeondoka." Kumbe miezi yote ile alikuwa akila peke yake kwa sababu ya harufu ya kidonda. Tangu hapo silipimi kovu kwa macho yangu. Nauliza, "Unajionaje?" halafu nanyamaza, hata kama kimya kinaniwasha.

Usifiche kioo. Simu wanazo, atajitazama usiku, chooni, peke yake, damu ikiwa imegandia kwenye nyuzi. Bora ajione mchana, wewe upo. Safisha kwanza kwa maji ya chumvi, na umwambie mapema kwamba uvimbe huo si sura atakayobaki nayo. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi ya 7, lakini kovu huendelea kubadilika mwaka mzima na zaidi. Usiseme litapotea. Sema litalainika na kufifia, kwa sababu ukimdanganya hapo hatakuamini hata kwenye dawa.

Wapo wanaoshushiwa nyama ya paji la uso ili kujenga pua. Hao hukaa kama wiki 3 na kipande kinachoning'inia kama mkonga mpaka kikatwe. Asipoambiwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, atadhani daktari amemharibu. Mimi huwachorea nyuma ya boksi la dawa. Mchoro wangu ni mbaya, wanaucheka, lakini wanaelewa.

Muulize pia nani atamwona kwanza nyumbani. Baba mmoja alipokewa na mjukuu aliyekimbia akilia, na hilo lilimuuma kuliko kisu. Siku hizi naomba mke au mtoto mkubwa aje siku ya kufungua, aone, azoee, awatangulie wengine. Kofia pana mpe kwa ajili ya jua, maana kovu changa likipigwa jua linakuwa jeusi. Ukimwambia ni ya kujifichia, hataivaa.

Kioo kiko droo ya pili, chini ya gozi za kufungia vidonda. Kina ufa pembeni, kwa hiyo mshikie upande wa kushoto. Nimeomba kingine tangu Januari.